Ulimi wa Visima Saba

Watu walimwita Ulimi, na jina likamkaa. Vipimo vya chumvi vya mtaa viliharibika miaka kumi nyuma, vingine havikuletwa, basi kila asubuhi mama huyu alionja kijiko kimoja kutoka kila kisima kati ya saba vilivyobaki. Bahari ilishapenya mpaka chini ya nyumba. Kisima cha chumvi alikifunga kitambaa chekundu, cha maji matamu cheupe. Akishasema yeye, imetoka hiyo. Alijivunia, na nani asingejivunia?

Siku hiyo vyote saba alivifunga vyeupe. Dereva wa lori la unga, mgeni anayefika mara moja kwa mwezi, akaomba maji ya kisima cha nne. Akapiga funda moja, akalitema lote.

"Mama, mnakunywa haya? Chumvi tupu."

"Wewe umedekezwa na soda," alimjibu, foleni ya wachota maji ikaangua kicheko. "Miaka kumi naonja, leo uje unifundishe kazi? Hebu tupishe huko."

Dereva akatikisa kichwa, akawasha lori, akaenda zake.

Saa sita binti wa Ulimi akaja mbiombio na mtoto mchanga kifuani. Maziwa yalimkauka mapema, kwa hiyo mtoto alikunywa ya unga, yaliyokorogwa kwa maji ya kisima cha nne, alichomchagulia bibi yake mwenyewe.

"Mama, nesi anasema chumvi imemzidi, figo zinashindwa. Nimembishia. Nimemwambia anayeonja ni mama yangu."

Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka. Hata kulia hakuweza.

Ulimi akaonja cha nne. Matamu. Hapo akaelewa. Chumvi ilikuwa imepanda kidogo kidogo miaka yote hiyo, na ulimi wake umeizoea, na ndimi za foleni nzima pia. Akatazama barabarani. Lori halikuonekana tena. Akaonja cha kwanza, cha pili, mpaka cha saba. Yote matamu.

"Nichote kipi, mama?" binti aliuliza, chupa mkononi.

Watu na ndoo zao walikuwa wakimwangalia. Alitaka kusema hajui. Aliogopa, Mungu amsamehe, aliogopa kuliko alivyompenda yule mtoto.

"Cha sita," akasema.

Binti akashusha pumzi, akamshukuru, akaenda kuchota.