Kengele Kwenye Mizani

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Atakayenikuta na chembe ya uongo aje aninyoe masharubu, haya haya niliyoyalea miaka thelathini na minane nikitengeneza saa za watu.

Daktari alinikata tumbo, akaitoa saratani na karibu mfuko wote wa chakula, akanibakizia kipande cha kutosha yai la njiwa. Kwa hilo namshukuru. Kilichonikera ni maisha niliyorudishiwa. Milo sita kwa siku, kila mlo kwenye kisahani cha kikombe! Mimi, niliyemaliza sinia la harusi peke yangu hadi bwana harusi akalala njaa! Nitafune kila tonge mara thelathini, kisha nitembeetembee uani kama mlinzi wa ghala.

Mke wangu aliichukua saa ya kengele kutoka kwenye meza yangu ya kazi, saa niliyoifufua kwa mikono yangu mwenyewe, akaifanya askari wangu. Ikilia, kisahani. Nikimaliza, anaitega tena.

"Baba watoto, kengele hiyo."

"Nimesikia! Kwani mimi mwanafunzi?"

"Wanafunzi wanamaliza chakula chao."

"Na mimi namaliza. Nikidanganya, ninyolewe masharubu!"

Wageni nao ndio kabisa. Wanakaa, wanaikagua shingo yangu, wanatikisa vichwa: "Pole mzee, umekwisha." Nimekwisha nini? Nimeketi mbele yao, nawasikia!

Nesi wa kliniki, binti mwenye sauti ya kusimamisha malori, alikuwa ameniambia wazi: "Babu, una kilo hamsini na moja. Ukishuka chini ya hamsini, unarudi wodini, utalishwa kwa mpira wa puani." Wodi ile! Wiki tatu nilikaa pale ndani ya gauni lililo wazi nyuma, kila apitaye ananifahamu zaidi ya ninavyojifahamu. Niliapa sirudi.

Visahani vyangu vilirudi jikoni vitupu, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba paka wa jirani alinenepa mpaka akashindwa kuruka ukuta, akawa anapita mlangoni kwa hodi.

Asubuhi ya kupimwa nilijipima kwa siri kwenye mizani ya muuza unga. Arobaini na saba. Nikatia kwenye mifuko ya koti mawe matatu ya shaba, yale yanayoning'inia kwenye saa za zamani za ukutani. Bado. Nikaongeza na ile saa ya kengele kwenye mfuko wa ndani. Hamsini na moja kamili!

Kliniki nilikwenda na mke wangu na kaka yake, shemeji yangu kinyozi.

"Vua koti, babu," nesi akasema.

"Nivue? Mmeshanifungua tumbo, sasa mnataka na koti? Mzee hana heshima hapa?"

Nilifoka kweli kweli, foleni nzima ikaniunga mkono. Nesi akanyoosha mikono. Nikapanda.

"Hamsini na moja. Hongera."

Hapo ningeshuka nikae kimya. Lakini watu walikuwa wananitazama. Nikiwa juu ya mizani nikaanza kuwahutubia: tafuneni polepole, tembeeni, acheni sigara, msidharau kisahani…

Kifua changu kikalia. Krrrrrrr! Saa nne kamili. Mke wangu alikuwa ameitega alfajiri, na mimi, fundi mzima, sikuitegua.

"Babu, moyo wako una kengele?"

"Huo si moyo," shemeji akasema. "Huo ni mlo wa saa nne."

Koti likavuliwa, shaba ikagonga sakafu. Arobaini na saba. Foleni iliyonitetea ikaangua kicheko. Mke wangu hakucheka.

"Miezi mitatu naponda viazi," akasema. "Nilikuwa namlisha nani?"

Hasira yangu yote ikaishia hapo. Nikawaambia. Kwamba kila nikila na kushushia chai yangu ya vijiko vitatu vya sukari, moyo ulinienda mbio, jasho likanitoka, miguu ikalegea, nikadhani nakufa. Nilikiogopa chakula, nikaona aibu kusema.

"Hayo huwapata wengi!" nesi akawaka. "Sukari punguza. Usinywe ukila, ngoja nusu saa. Na ukimaliza, pumzika kidogo ndipo utembee."

"Sasa mbona hamkuniambia?" nikamrudishia moto.

"Imo kwenye karatasi niliyokupa."

Karatasi ile nilifungia skrubu.

"Wiki mbili," akasema nesi. "Ukirudi bila koti na hujaongezeka, kitanda kinakungoja. Na mlo wa saa nne unaliwa hapa hapa."

Mke wangu akatoa kibakuli mkobani: yai na viazi vya kuponda. Nikala, foleni ikihesabu kwa sauti ninavyotafuna kila tonge, moja mpaka thelathini. Nikangoja jasho. Halikuja. Mke wangu akanipangusa mdomo kwa kanga yake.

Tulipumzika, kisha tukarudi kwa miguu. Duka la shemeji liko njiani, naye alikuwa hajasahau kiapo changu cha masharubu, nilichokirudia mbele ya kila mtu. Akanikalisha, akanoa wembe.

"Kushoto unalipia shaba. Kulia unalipia nini?"

"Hakuna."

"Lile sinia la harusi?"

"Tulikuwa watu sita," nikasema.

Akanyoa na upande wa kulia. Kwa hiyo wewe uliyekuja na wembe wako, umechelewa.