Koti la Mikono Iliyopishana

Asubuhi ya kwanza baada ya kutajirika, Sindano alisimama mbele ya kioo akajikagua kama mtu anayekagua kuku wa kununua. Pua ileile. Jino lililomeguka kwa kukata uzi, bado limemeguka. Akajikohoza kidogo, kikohozi kilekile cha vumbi la vitambaa. Akatoka bafuni roho kwatu. Watu walikuwa wamemtisha bure kwamba pesa humbadilisha mtu.

Utajiri wenyewe ulimjia kwa mlango wa nyuma. Marehemu mama yake alimwachia shamba la mawe, shamba ambalo hata mbuzi walilipita wakiangalia pembeni kwa aibu. Kampuni moja ya kokoto ikalipenda, ikalipa pesa ambazo Sindano, fundi cherehani kwa miaka kumi na tisa, alishindwa kuzitamka bila kusimama katikati ameze mate. Mkewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Hilo hakuwahi kulisamehe, ingawa hakujua amkasirikie nani: ugonjwa uliowahi au kampuni iliyochelewa.

Siku ya kuaga pale kazini, alilifunika cherehani lake kwa shuka, akamgeukia Pasi. Miaka yote ile wameshona chumba kimoja, kiwiko kwa kiwiko. Sindano aliitwa Sindano kwa wembamba wake, jina lililobaki hata kitambi kilipokuja kulikanusha. Pasi aliitwa Pasi kwa sababu siku moja, akipiga soga, alisahau pasi ya mkaa juu ya gauni la bibi harusi, ikaacha alama yake pale pale pa kukalia.

Chumba kile kilikuwa na sheria moja tu. Mmoja akiona mwenzake ameshona ovyo, anasema neno moja: "Fumua." Hakuna kubishana, hakuna kusema mteja hataona. Unachukua wembe, unafumua. Wamefumulishana makola, mifuko na mapindo. Siku moja Pasi alimfumulisha Sindano suruali nzima huku mwenye suruali akisubiri nyuma ya pazia, amejifunga kitambaa cha mezani chenye maua.

"Nikibadilika uniambie," Sindano alisema siku ile ya kuaga.

"Wewe? Ubadilike uwe nani? Sura hiyo haina spea."

"Sitanii, Pasi."

Pasi akamtazama juu ya miwani yake iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja. "Nitakuambia fumua."

Wakacheka, wakapeana mikono, na Sindano akaondoka akiwa na uhakika kwamba, lolote litakalotokea, kuna mtu mmoja duniani anayelinda mshono wake.

Kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa vichekesho vyake. Vilianza kuchekesha. Vile vile ambavyo marehemu mkewe alikuwa akiviua kwa jicho moja tu, sasa meneja wa benki alivicheka kabla havijafika mwisho, na mkwewe, mume wa bintiye, alivicheka hata kabla havijaanza. Nyumba mpya ilikuwa na sebule kubwa kiasi kwamba ukipiga chafya inakurudia. Mara nyingine alikaa humo peke yake akajitukana kwa sauti, apate tu kusikia mtu akimtukana. Hakuwa stadi. Kujitukana mwenyewe ni kama kujikuna mgongo. Mkono haufiki panapowasha.

Mwaka wa pili, mwenye jengo walilokuwa wakishonea alitaka kuliuza na kuwatoa wapangaji. Sindano akalinunua siku ileile. Akaenda kumwambia Pasi kwamba sasa hahamishwi na mtu, na kodi asilipe hata senti.

"Asante sana, mzee," Pasi alisema.

Sindano akadhani hilo "mzee" ni utani. Akamchungulia usoni akitafuta kicheko kilichojificha. Hakukiona, akajiambia pengine Pasi ana usingizi.

Ndipo hamu ikamshika. Akalifunua cherehani lake, ambalo alikuwa amelihamishia nyumbani, akanunua kitambaa cha kijivu, akajishonea koti. Wiki mbili alihangaika nalo. Vidole vilikuwa vimelainika kama vya mtoto mchanga, na miwani mipya ilimwonyesha tundu mbili kwenye sindano yenye tundu moja. Alipolimaliza, akalivaa akaingia nalo mjini.

Meneja wa benki alishika bega la koti, akauliza fundi ni nani. Bintiye akasema, "Baba, umependeza kama bwana harusi." Mkwewe akaomba ashonewe la namna ileile. Sindano akatembea siku nzima kifua mbele, ila mabega yalimuuma ajabu, kana kwamba kuna mtu nyuma yake anamvuta viwiko.

Aliporudi nyumbani akasimama mbele ya kioo cha chumbani, na hapo ndipo alipoona. Vifungo vidogo vya mkononi, ambavyo hukaa upande wa nyuma, vilikuwa vimetoka mbele, vikimtazama kama macho. Mkono wa kushoto ameuweka kulia, wa kulia ameuweka kushoto. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, tena yule ambaye wiki ya pili anashauriwa akajaribu useremala.

Alicheka hadi akakaa kitandani. Halafu kicheko kikamkauka. Watu watatu wamelisifu. Sawa, si mafundi wale, akawatetea. Lakini yupo mmoja ambaye kosa kama lile angeliona akiwa ng'ambo ya barabara. Kesho yake angeweza kulikunja, kulitia kwenye mfuko na kumpelekea. Badala yake, alilivaa.

Pasi alikuwa kwenye cherehani akishona sare za shule, rundo la sketi za bluu limemfika kiunoni. Alipomwona Sindano mlangoni, akasimama. Miaka kumi na tisa hakuwahi kusimama kwa ajili yake. Tena akachukua kitambaa, akafuta kigoda.

"Karibu, mzee. Karibu sana."

"Mzee ni babu yako. Bado unachoma nguo za watu?"

Pasi akacheka, haraka haraka, kama mtu anayelipa nauli. "Siku hizi tuna ya umeme."

Sindano hakukaa. Akageuka mzima mbele yake, polepole, kisha akanyoosha mkono hadi vifungo vikawa karibu na pua ya Pasi. "Nimelishona mwenyewe. Unalionaje?"

Macho ya Pasi yakaenda kwenye bega, yakashuka kwenye kiwiko, yakafika kwenye vifungo. Yakatulia pale kwa muda wa kutosha kutunga uzi. Sema, Sindano akaomba kimoyomoyo. Sema tu.

Macho yakashuka sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa.

"Limekukaa vizuri, mzee. Mikono yako haijapotea."

"Pasi."

"Naam."

"Angalia tena."

"Nimeshaangalia."

"Mkono wa kushoto nimeuweka wapi?"

"Kulia."

"Umeona saa ngapi?"

"Ulipokuwa unavuka barabara. Ulikuwa unatembea kama mtu anayepelekwa polisi."

Kwa kufumba na kufumbua, yule Pasi wa zamani alikuwa amechungulia, na midomo ya wote wawili ikatetemeka kutaka kucheka. Lau wangecheka, pengine mambo yangeishia hapo. Lakini Sindano alikuwa amekuja na swali lake na hakutaka kurudi nalo.

"Sasa mbona hukusema? Tulikubaliana nini mimi na wewe?"

Pasi akavua miwani, akaishika kwa mikono miwili kama kofia msibani. "Siku uliyolinunua hili jengo, mama watoto aliniambia: baba, huo mdomo wako uufunge, tunakaa chini ya bati la mtu."

"Nimewahi kukudai hata senti?"

"Ndiyo maana. Ungenidai, ningekulipa, tukamalizana, nikakutukana kwa amani. Hiki cha bure hakina siku ya kuisha. Kila asubuhi nikifungua mlango huu nakushukuru. Ukishamshukuru mtu kila asubuhi, utamwambia saa ngapi kwamba ameshona upuuzi?"

Pasi akaendelea, taratibu, kama anayetoa mwiba kwenye mguu wa mwenzake.

"Na mimi nikuulize. Hilo kosa uliligundua lini?"

"Jana."

"Na leo umelivaa."

"Nimelivaa."

"Sindano ninayemjua mimi angeingia hapa amelibeba kama mzoga, anapiga kelele tangu barabarani, 'We Pasi, njoo ucheke!' Wewe umekuja kunifanyia mtihani. Umekaa kwenye hilo lisebule lako, ukanitega."

Damu ikampanda Sindano kichwani. Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli, iliuma mahali ambapo hakujua kama bado anapo. Alitaka kusema nisamehe. Alitaka kusema nyumba ni kubwa, ndugu yangu, na hakuna anayenitukana. Kilichomtoka ni kingine.

"Usisahau uko kwenye jengo la nani."

Sindano aliijua sauti ile. Ilikuwa ya mwenye jengo wa zamani, yule aliyekuwa akisimama mlangoni kila mwezi akichezea funguo, nao wawili wakimuiga kwa sauti ya puani akishaondoka, wakicheka hadi wanajichoma sindano. Akatazama huku na huku kama anatafuta mtu mwingine aliyesema. Chumba kilikuwa na watu wawili, na mmoja hakuwa amefungua mdomo.

"Sema," akamwambia Pasi, sauti imeshuka. "Sema lile neno. Nakuomba."

Pasi akavaa miwani yake. Hakuwa na hasira usoni. Laiti angekuwa nayo.

"Livue, mzee. Nitakurekebishia."

Akalipokea kwa mikono miwili, akalilaza mezani kwa uangalifu, kisha akachukua kitabu cha karatasi zenye namba. Kitabu hicho kilikuwa cha wateja. Nguo ya rafiki, ndugu au jirani ilitupwa tu kwenye msumari nyuma ya mlango, na mwenyewe alijulikana. Pasi akaandika, akakata karatasi vipande viwili, kimoja akakipachika kwenye kola kwa pini, cha pili akampa Sindano.

"Jumatano, saa kumi. Usiisahau karatasi, mzee."

"Pasi..."

"Kuwa mwangalifu na barabara. Magari siku hizi ni mengi."

Sindano akatoka akiwa na shati tu. Kabla hajafika ukingo wa barabara akasikia nyuma yake wembe ukianza kukata nyuzi, moja moja, krr, krr, sauti aliyoifahamu kuliko sauti ya jina lake. Akasimama, sikio limeelekea mlangoni, kusubiri kama kuna neno litafuata. Wembe uliendelea peke yake.

Akaitazama karatasi. Namba arobaini na moja. Koti moja, la kijivu, mikono imepishana. Na pale pa kuandika jina, kwa mwandiko ule uliolalia kushoto alioutania miaka kumi na tisa, Pasi alikuwa ameandika: Mwenye jengo.

Aliisoma akiwa na miwani, kisha akaivua akaisoma tena.