Maneno Arobaini ya Bi Shadlia

Emna aliandika kurasa za tovuti ya ushirika wa wafuma mazulia wa Kairouan, Tunisia, mlemle mtandaoni, kompyuta magotini, ameketi kando ya kitanda cha kufumia. Mfumaji anasimulia, yeye anachapa, anabonyeza kuhifadhi, basi. Kwa miezi miwili alizunguka nyumba kwa nyumba, akakusanya masimulizi ya wanawake kumi na wanane.

Mondher, msanifu wa ushirika, hakuitaka kabisa njia hiyo. Tangu zamani tovuti nzima aliisanifu kwenye kompyuta ya mezani kwake, kila neno ndani ya kisanduku chake, kisha akaipakia yote kwa mkupuo.

"We dada, unamwaga maneno tu," alimwambia. "Niletee maandishi, niyapange mwenyewe."

"Nikikuletea unayakata, Kaka Mondher."

"Nakata yanayoning'inia. Ukurasa una sura yake, bwana!"

"Na Bi Shadlia naye ana yake."

Bi Shadlia ndiye aliyekuwa mkubwa wao wote, na masimulizi yake ndiyo yaliyokuwa marefu zaidi. Alieleza jinsi mumewe alivyomuuzia mtalii zulia la harusi yao, ambalo Bi Shadlia alilifuma kwa mikono yake. Alilikunja yeye mwenyewe kabla halijachukuliwa, maana hakutaka mtu mwingine alikunje vibaya.

Mwezi Machi akafariki. Siku ya tatu ya msiba, Wahida, bintiye, akampigia Emna.

"Dada, ndugu wamejaa hapa, nimewaahidi nitawasomea maneno ya mama. Nafungua, naona picha ya zulia, na chini yake pameandikwa 'Maandishi yatawekwa hapa.' Simu yangu mbovu au?"

Emna alifungua ukurasa, akakuta ni hivyohivyo. Akaenda moja kwa moja kwa Mondher.

"Nimepakia sura mpya jana," Mondher alisema bila kugeuka. "Kompyuta yangu haina habari na ulichoandika huko mtandaoni. Ya kwangu imefunika iliyokuwepo."

"Na ulijua itafunika."

"Nilijua. Sikujua kama huna nakala."

Nakala hakuwa nayo, wala tovuti haikuweka matoleo ya nyuma. Hilo ndilo lililomuuma zaidi: hata Mondher hakuweza kumlaumu peke yake.

Mkurugenzi aliisifu sura mpya mbele ya wafanyakazi wote, akampa Mondher mkono. Emna akapewa wiki moja ajaze visanduku, maneno arobaini kila mfumaji, yasizidi. Wale kumi na saba aliwarudia. Wengine walimsimulia tena kwa uchovu, wengine wakamwambia, "Si nilishakueleza, mwanangu?" Ya Bi Shadlia aliyaandika kwa kukumbuka, akakata, akakata tena, mpaka kisanduku kikakubali.

Wahida aliyasoma, akapiga simu.

"Yanapendeza. Ila mama hakuwa anaongea hivi."

"Najua, dada. Nisamehe."

"Hata la kulikunja zulia umelisahau?"

"Sijalisahau," alisema Emna. "Halikuenea."

Wahida akamshukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mgeni, akakata simu.