Dakika Nne za Aurora

Kazini walimbandika jina la Sekunde kwa sababu hakuwahi kukosea saa. Miaka tisa alikaa meza ya dirishani, akilinganisha vipimo vya satelaiti na picha za aurora, ile mianga ya kijani inayocheza angani karibu na ncha za dunia. Kwa macho yake hajawahi kuiona.

Kisha kaka yake akaoa, na Sekunde mwenyewe akampigia debe wifi yake apate kazi ofisini hapo. Mwaka haukuisha, wifi akawa gumzo la jengo zima. Mkuu wa idara, ambaye zamani maswali yake yote aliyapeleka kwa Sekunde, sasa aliipita meza yake kama anapita kabati. Hata mama alisema, "Wifi yako ana kichwa, jamani!" Sekunde akatabasamu, roho ikimuuma.

Swali walilokuwa nalo lilikuwa hili. Upepo wa jua, yaani chembe zinazomwagika kutoka juani, huuvuta usumaku wa dunia ukawa mkia mrefu, upande wa usiku. Mkia ukilimbikiza nguvu kupita kiasi, hukatika na kujirudi kwa kishindo, chembe zikarushwa huku kwetu. Je, aurora huwaka kabla ya kishindo hicho au baada yake? Sekunde aliamini mkia ndio huanza, aurora ikafuata. Wifi yake alichambua matukio thelathini na moja ya msimu huu, akapata kinyume: aurora iliwaka dakika mbili kabla mkia haujatikisika. Angewasilisha Ijumaa.

Jumanne ikaingia barua pepe ya fundi wa kituo cha kamera, kule kwenye barafu. "Tangu umeme ulipokatika msimu uliopita, saa ya kamera iko nyuma kwa dakika nne. Mjulishe anayetumia picha." Alimwandikia Sekunde kwa mazoea tu.

Sekunde aliisoma mara tatu. Meza ya pili, wifi yake alikuwa akicheka na mkuu. Akaifunga.

Kesho yake wifi akaja na kurasa mkononi. "Wifi, wewe huna mchezo na saa. Hebu nipitie hapa."

"Ziko sawa," Sekunde akajibu bila kuinua uso.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wifi alipomaliza, makofi yakapigwa, na mkuu akapiga kuliko wote. Hapo Sekunde akasimama.

"Saa ya kamera iko nyuma kwa dakika nne. Aurora haikutangulia, ilifuata." Akaiweka ile barua kwenye skrini, kila mtu aione.

Mkuu akasogea, akasoma. "Mbona hii ni ya Jumanne?"

Sekunde akarudi kuketi.

Wifi yake hakumtazama. Alikuwa akiandika namba pembeni ya karatasi. "Basi tuongeze nne," akasema. "Mkia kwanza, aurora dakika mbili baadaye."

Mchana Sekunde alimkuta jikoni mwa ofisi, akisuuza kikombe ambacho kilikwishatakata.

"Nilikuonea wivu, wifi."

"Nilijua una kinyongo. Hilo la kurasa ndilo sikulijua." Akafunga bomba. "Nilikuuliza, wifi. Nilikuja mwenyewe nikakuuliza."

"Ndiyo. Nikakudanganya. Nisamehe."

"Leo siwezi. Kaka yako nimemwambia una mafua. Usije kula kwetu Jumapili hii."

Wiki tatu hawakuongea ila salamu. Ya nne, wifi akamwekea mezani picha zote thelathini na moja. "Nimesahihisha. Kagua, na safari hii kagua kweli."

Sekunde akakagua siku mbili nzima. Katika matukio ishirini na nane mkia ulitangulia. Matatu hayakusomeka vizuri, naye akayaandika hivyohivyo.

Ripoti ikatoka kwa jina la wifi. Sekunde na fundi wa barafuni walitajwa mwishoni, kwenye shukrani. Mkuu alipokuja kumpongeza wifi, Sekunde alisikia ule wivu ukimpanda tena kifuani, mbichi kabisa. Akasimama, akampa wifi yake mkono kabla haujafika kooni.