Mkwaruzo wa Ubavuni

Kwa miaka kumi na miwili mkwaruzo ule ulikaa kwenye mlango wa kushoto wa gari, na kwa miaka yote hiyo mpima ardhi mstaafu aliuacha makusudi. Aliyeuweka ni binti yake wa pekee, siku ya tatu ya kujifunza kuendesha, alipolikwaruza gari kwenye nguzo ya geti. Siku hiyo baba mtu alitamka neno zito: "Hutashika usukani wa gari hili nikiwa hai."

Binti hakubisha; akamalizia kujifunza kwenye gari la watu. Sasa alikuwa muuguzi, mama wa watoto wawili, na kila alipokuja kusalimia alilizunguka gari kwa mbali, kama apitaye penye mbwa mkali.

Leo alikuwa anakuja saa sita. Macho ya mzee yalikuwa yamepungua nguvu, naye alikwishakata shauri kumkabidhi ufunguo. Lakini neno la kuomba radhi lilikuwa halijawahi kumtoka kinywani. Akaona heri binti asiukute mkwaruzo. Hilo lingetosha kusema.

Rangi aliinunua kwa namba yake iliyogongwa kwenye kibati chini ya boneti. Hakubahatisha. Akaosha mlango, akapitisha msasa laini wenye maji, akapaka kwa brashi nyembamba tabaka tatu, kila moja akiisubiri ikauke. Kisha akarudi nyuma hatua tano, moyo ukampasuka. Jua lilikuwa limelipausha gari likawa kama sare iliyofuliwa mno. Na katikati ya mpauko huo, mstari wa buluu iliyokoza ulionekana tangu barabarani.

Mkewe alitoka jikoni, akatazama, akauma midomo asicheke.

"Mzee, ulitaka kuufuta au kuupigia mstari?"

"Namba ni ile ile!"

"Namba haikuzeeka, mume wangu. Gari ndilo lililozeeka."

Geti likalia. Binti akaingia.

"Shikamoo, Ba..." Macho yake yakatua mlangoni. Uso ukamsawijika. "Hata leo, Baba? Umeukoleza nisije nikausahau?"

"Marahaba, mwanangu. Nilitaka usiuone tena. Nilikukosea."

Neno lilikuwa limetoka lenyewe. Binti akaupitisha mkono mlangoni kama apapasaye paji la mgonjwa. Vidole vikatoka na unga mweupe. Akafungua mlango, akachungulia ukingo wa ndani, mahali ambapo jua halikufika. Buluu ilikuwa ile ile ya mstari.

"Hukukosea rangi, Baba. Hii ya juu ndiyo iliyokufa. Tuisugue."

Wakaketi bega kwa bega juu ya vigoda, kila mmoja na kitambaa chake na dawa ya kung'arishia, wakiukwepa mstari ambao rangi yake ilikuwa bado mbichi. Vitambaa vikageuka buluu. Kidogo kidogo mlango ukakoza, ukaufuata mstari, hata alasiri mzee akalazimika kuinama ili autambue.

Mzee akaufuta ufunguo kwa shati lake, akamnyooshea binti.

"Utuendeshe, mimi na mama yako."

Binti akaupokea kwa mikono miwili. "Lakini bado u hai, Baba."

"Basi endesha polepole, nibaki hivyo."

Walipoifikia nguzo ya geti, mzee, badala ya kuitazama, aligeuka nyuma akamwuliza mkewe kama amezima jiko.