Mama wa Swali la Saba

Jumatatu, kipindi cha pili, Madamu Njia aliandika swali la saba ubaoni kwa kipande cha chaki kilichobaki kifupi kiasi kwamba zilizokuwa zikikwaruza ubao ni kucha zake. Darasa la nne lilijaa mpaka kwenye ukingo wa dirisha. Jina la Madamu Njia alipewa na wanafunzi wenyewe, kwa sababu mtoto akimpelekea jibu tupu, hata likiwa sahihi, humrudishia daftari na kumwambia, "Hili umeliokota wapi? Onyesha njia." Alikuwa ameyasema maneno hayo kwa miaka mingi mno, na siku hizi aliyasema huku macho ameyafumba, kupumzisha angalau hayo.

Swali lilisema hivi: *Mama ana trei 6 za mayai. Kila trei ina mayai 30. Aliwagawia watoto wake 5 mayai yote sawa kwa sawa. Kila mtoto akila mayai 3 kwa siku, mayai yake yatamtosha kwa siku ngapi?*

Lilikuwa swali la zamani. Kitabu kilishabadilishwa jalada mara kadhaa, na kila mara waliobadilisha walilikuta swali la saba limekaa palepale, wakaliacha.

Watoto hawajamaliza kunakili, hodi ikapigwa mlangoni. Alikuwa mwanamke amebeba trei sita za mayai, zimepangwa kuanzia kitovuni hadi kidevuni.

"Karibu, mama," alisema Madamu Njia. "Weka hapo mezani, sogeza hayo madaftari."

"Shikamoo, mama!" darasa likaamkia kwa sauti moja.

"Marahaba, wanangu. Endeleeni na kazi."

Alikuwa vilevile kama alivyochorwa kitabuni. Mchoraji, inaonekana, alikuwa na haraka siku ile: gauni la mama lilikuwa na maua upande wa kushoto tu, macho yake yalikuwa vitone viwili visivyo na kope, na mguu wa kulia haukuwa na vidole. Nyuma yake walifuata watoto watano wenye kimo kimoja na sura moja, maana mchoraji alichora mmoja kisha akamrudia.

Kazi ikaanza. Kila mwanafunzi alipopata jibu, mama alilazimika kugawa kama daftari lilivyosema. Waliopata mayai thelathini na sita kwa kila mtoto hawakumsumbua. Lakini kulikuwa na mvulana wa dawati la nyuma, jina lake la utani Zidisha, ambaye hajawahi kukutana na namba mbili asizizidishe. Alichukua mayai mia na themanini akayazidisha kwa watoto watano, akapata mia tisa kwa kila mtoto. Mama alitoka nje na kurudi na trei, akatoka na kurudi, mpaka kengele ya mapumziko ikamkuta ameegemea fremu ya mlango. Mwingine alisahau sifuri, na watoto watano wakaondoka na mayai matatu matatu wakinung'unika.

Darasa lilipotoka kwenda kucheza, mama alibaki akipanga trei tupu. Madamu Njia alikuwa anafuta ubao.

"Mwalimu, naweza kuuliza?"

"Uliza, mama."

"Mimi nakula lini?"

Madamu Njia alisimamisha dasta. Alilisoma swali kitabuni, akalisoma tena kwa kidole, neno kwa neno, namna anavyowafundisha watoto wazito.

"Hawakuuliza hilo," alisema.

"Najua hawakuuliza. Si mimi ndiye ninayekaa humo?"

"Sasa si ungechomoa hata moja njiani, ukala zako kimya kimya? Nani angejua?"

"Nikichomoa moja, jibu linaharibika," alisema mama. "Watoto wa watu wanapigiwa mkasi mwekundu daftarini, kwamba wamekosa. Nimewahi kufikiria, sikuweza."

Madamu Njia alivuta kiti akakaa. Mezani kulikuwa na rundo la madaftari linalosubiri kusahihishwa. "Njoo kesho," alisema mwishowe.

Kesho yake aliandika ubaoni: *Mama aligawa mayai yote sawa kwa sawa kati yake na watoto wake 5.*

"Madamu," alisema msichana wa dawati la mbele, ambaye wenzake walimwita Kidomo na hawakumwonea, "kitabu hakisemi hivyo."

"Kitabu kimechoka. Fanya la ubaoni."

Hawakuchukua muda. Watu sita, trei sita: kila mtu na trei yake. Hata Zidisha alipata, kwa mara ya kwanza tangu aanze shule, akaomba ruhusa aende akamwambie dada yake wa darasa la sita. Mayai thelathini kwa kila mtu, matatu kwa siku, siku kumi. Madamu Njia alipita katikati ya madawati akiweka vema, vema, vema, mpaka kalamu nyekundu ikaanza kukata wino.

Mama alibeba trei yake mpaka jikoni kwa mpishi wa shule.

"Ya kuchemsha au ya kukaanga?" aliuliza mpishi.

"Sijui. Sijawahi kula."

"Basi ya kuchemsha. Mafuta yenyewe hakuna, nilikuuliza kwa adabu tu."

Alikula ameketi kwenye kizingiti cha darasa la nne, mgongo ukutani. Yai la kwanza lilipokwisha, mguu wake wa kulia ulitoa vidole, vitano, vyenye kucha. Kesho yake maua ya gauni yalivuka kifuani yakafika upande wa kulia. Siku ya tatu akaota kope. Na kwa kuwa sasa alikuwa na cha kufumba, alilala. Alilala kipindi kizima cha hesabu akikoroma taratibu, na Madamu Njia akawaambia watoto wanong'one wanapogawa.

Mtihani wa majaribio uliletwa na ofisi ya elimu Ijumaa. Swali la saba lilikuwa palepale, namba saba, na watoto watano walewale. Darasa la nne lililisoma, likageuka kumtazama mama aliyelala kizingitini na chumvi pembeni ya mdomo, likamhesabu. Wote waliandika siku kumi. Mwongozo wa kusahihisha ulisema kumi na mbili.

Afisa elimu alifika siku hiyohiyo akiongozana na mwalimu mkuu. Waliomfahamu mwalimu mkuu walimwita Bwana Wastani, kwa vile hakuna habari aliyopelekewa, hata ya msiba, asiulize itaathiri vipi wastani wa shule. Afisa alikuwa mtu mpole mwenye mfuko mzito begani. Aliinua mguu kupita juu ya miguu ya mama, akasema, "Samahani, mama, endelea kupumzika."

Kisha akamgeukia Madamu Njia. "Darasa zima, mwalimu mwenzangu. Hata yule mwenye ugonjwa wa macho mekundu aliyefanyia mtihani chini ya mti peke yake."

"Umeiona njia yao?"

"Nimeiona. Nzuri sana. Wamezidisha wakagawa, wakagawa tena. Sijaona darasa lenye hatua zilizonyooka namna hii."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wamekosa. Mwongozo unasema kumi na mbili."

"Mama naye anakula," alisema Madamu Njia.

Afisa alimtazama aliyelala. "Mimi sibishi. Na kusema kweli amependeza, tangu nikiwa shule ya msingi sijamwona na rangi hii. Lakini swali linasema mama *ana* trei sita. Hiyo ndiyo kazi yake, kuwa nazo. Wanaogawiwa ni watoto."

"Basi badilisheni swali. Andikeni sita."

"Tulishajadili hilo ofisini, hata kabla yako." Aliweka mfuko chini, akasugua bega. "Ukigawa kwa sita kila mtu anachukua trei yake anaondoka. Hakuna cha kukokotoa. Mtoto wa chekechea anaweza. Sisi tutapima nini?"

Bwana Wastani alikohoa. "Madamu, mimi sitaki maneno mengi. Mtihani wa mwisho ni Ijumaa ijayo, swali hili halijawahi kukosekana humo, na lina alama za kuamua. Wakiandika kumi tena, nusu ya hawa wanarudia darasa. Nusu! Nitawaweka wapi? Dirishani kumejaa."

Madamu Njia aliangalia darasa. Kidomo alikuwa amenyamaza, jambo ambalo halikuwa dogo. Zidisha alikuwa amefunika daftari lake kwa viganja viwili, lile lenye vema.

Mama alikuwa ameamka. Haikujulikana ameyasikia maneno kuanzia wapi.

"Futa, mwalimu," alisema.

"Kaa, mama. Bado tunaongea."

"Nikae nile yai, watoto wa watu warudishwe darasa? Litanipita kooni hilo? Futa tu."

Afisa alichukulia hilo kuwa makubaliano, akaomba kuziona trei, kwa sababu lazima ziingie kwenye mtihani zikiwa kamili. Moja, ile ya mama, ilikuwa imepungua mayai kumi na mawili. Mpishi alijikung'uta akatoa mawili aliyokuwa ameyaficha kwenye unga. Madamu Njia alikwenda nyumbani wakati wa mapumziko akaleta kumi yaliyobaki kabatini kwake. Afisa aliyahesabu, akamshukuru kwa ushirikiano, akaaga.

Wiki iliyofuata darasa la nne lilifundishwa upya kugawa kwa watano. Halikuwa jambo gumu. Siku ya kwanza watoto kadhaa waliinua macho kuelekea mlangoni kabla ya kuandika. Siku ya tatu walikuwa wawili, na siku ya nne Kidomo peke yake.

"Madamu, huyu sasa tunamweka wapi?"

"Mwache hapohapo alipo."

"Hapa alipo anafanya nini?"

"Anagawa, Kidomo. Geuka mbele, onyesha njia."

Vidole vya mama vilirudi ndani kimoja kimoja. Maua ya upande wa kulia yalififia, kwanza mekundu, kisha ya njano. Kope tu ndizo hazikuondoka, na hilo lilikuwa baya kuliko mengine, kwa sababu zamani alikuwa halali wala hajui kwamba hajalala. Sasa alisimama mlangoni na trei zake akisinzia wima, na mtoto akipata jibu anashtuka na kuanza kugawa.

Mtihani wa mwisho ulifanyika. Darasa zima liliandika siku kumi na mbili, na hata Zidisha aligawa pale pa kugawa. Wote walivuka. Wastani wa shule ulipanda, na Bwana Wastani alitembea kwenye korido akisalimia watu mara mbili mbili. Ofisi ya elimu ilituma salamu za pongezi kwa mwalimu wa hesabu, na pamoja nazo nakala mpya za kitabu, jalada la kijani safari hii. Madamu Njia alifungua swali la saba akiwa amesimama, kisha akakifunga, akakipanga na vingine.

Siku hiyo alifika nyumbani jua likizama. Mumewe na watoto wao wanne walikuwa wamekaa mezani, taa imewashwa, kila mmoja akiwa amezama kwenye habari zake. Alivua viatu, akaosha mikono, akainjika wali. Ulipoiva alipakua sahani tano sawa kwa sawa, akitoa huku na kuongeza kule, maana mtoto wa tatu ana jicho la mizani na akipunjwa punje tatu atasema. Akazipeleka. Aliporudi jikoni mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na mama wa swali la saba alikuwa amesimama hapo na trei tupu kwapani.

"Pita, dada," alisema Madamu Njia. "Nimezoea kukusikia ukipiga hodi."

"Mikono imechoka."

"Watoto wamekula?"

"Wamekula. Wako?"

"Ndiyo wanakula hivyo."

Madamu Njia alitafuta kijiko cha pili kwenye droo, akampa. Hakukuwa na kiti jikoni, hakijawahi kuwepo, kwa hiyo walisimama pande mbili za sufuria wakakwangua. Chini ulikuwepo ukoko, na pembeni wali kidogo uliogandia. Mama alikula akiwa amefumba macho. Madamu Njia alishusha pumzi, akabadilisha mguu wa kuegemea. Walikuwa wamefika vijiko viwili au vitatu kila mmoja.

"Mama!" sauti iliita kutoka mezani. "Wali bado upo?"

"Upo," waliitikia wote wawili kwa pamoja, na Madamu Njia akaweka kijiko chini, akanyoosha mkono kupokea sahani.