Baiskeli Isiyobeba Kitu

Wateja huingia dukani wakitafuta sifa za kitu. Magego aliingia duka la baiskeli akitafuta kasoro, tena kasoro moja tu, na hakuwa tayari kuuziwa nyingine.

Jina hilo dada huyu alipewa kazini. Alikuwa akitengeneza meno bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, na magego yake yalisifiwa kwamba yanatafuna vizuri kuliko yale aliyozaliwa nayo mtu.

"Hii inamfaa anayeanza," muuzaji alimwambia, akiigonga fremu ya baiskeli ya bluu kwa kidole. "Alumini, gia nyepesi za kupandia kilima, tairi si nyembamba kupita kiasi. Na tazama huku nyuma, ina matundu ya skrubu. Siku ukitaka keria ya kubebea mizigo, unafunga."

"Na ambayo haina matundu?"

"Haina?"

"Ambayo keria haifungiki hata kwa dawa."

Muuzaji alimtazama kama mtu aliyeulizwa ilipo miavuli inayovuja.

Angejua habari za nyumbani kwao asingeshangaa. Baiskeli ya kwanza ya Magego ilikuwa na keria pana kama meza, na ilikuwa yake kwa maana moja tu: yeye ndiye aliyeikanyaga. Mtungi wa gesi ulikuwa wa nyumba, gunia la mkaa la nyumba, redio mbovu ya kwenda kwa fundi ya kaka yake, na watoto wa kaka walikuwa wa kaka mpaka saa ya kwenda shule. Shangazi, aliyewalea yeye na kaka yake tangu wakiwa wadogo, hakuwahi kumwamuru kitu. Alisema tu, "Mwanangu, kwa kuwa unapita." Na Magego alikuwa mtu wa kupita. Hata siku aliyolala na homa, alikuwa anapita.

Ulimi wake haukuwa butu. Madaktari wa meno walioleta vipimo vibovu waliujua vizuri. Lakini mbele ya Shangazi uliganda kama plasta, na neno alilolitaka, "hapana", likageuka "haya".

Ndipo jioni moja mwenzake wa chumba cha eksirei, mwanamke mwenye mashavu ya miguu kama chupa, alipompa aijaribu baiskeli yake ya mashindano uani mwa kliniki. Magego alizunguka mpaka mlinzi akasema anaona kizunguzungu. Mwendo ulimfurahisha, ndiyo. Kilichomnyima usingizi ni kitu kingine: baiskeli ile haikuwa na pa kuweka hata kitunguu. Akawaza, kama mimi siwezi kukataa, ninunue kinachokataa.

"Ipo moja," muuzaji alisema hatimaye, akaishusha kutoka ukutani. Ilikuwa nyeusi, nyembamba, usukani umepinda chini kama pembe za kondoo. Magego aliikagua nyuma kwa ncha ya kidole, polepole, kama anavyotafuta mkwaruzo kwenye fizi bandia. Hakuna tundu. Akarudia upande wa pili. Hakuna.

"Kaboni," muuzaji alisema. "Ukiibana keria, fremu inapata ufa. Na ikipata ufa kwa mzigo, dhamana imekufa."

"Sema tena."

"Dhamana imekufa."

"Ile ya kabla ya hapo."

"Fremu inapata ufa."

Magego alifumba macho kidogo, kama anayesikiliza wimbo anaoupenda.

Muuzaji alimsimamisha juu ya baiskeli kuona kama bomba la juu la fremu halimgusi, akapandisha kiti mpaka mguu ukakaribia kunyooka, akauliza kama vidole vinafika kwenye breki. Vilifika. Kisha dhamiri ikamshika.

"Dada, nisikufiche. Hii ni ya watu wa mbio. Mgongo utakuuma, na kila shimo la barabara utalijua kwa jina. Ile ya bluu ingekutosha, na chenji ingebaki."

"Ingenitosha mno. Ndiyo maana siitaki."

Akaiacha baiskeli yake ya zamani, aliyokuja nayo, palepale dukani ili wampunguzie bei, kisha akalipa kwa akiba ambayo watu wenye akili zao hununulia kiwanja.

Nyumbani, kaka alitoka na fulana kuitazama. Aliizunguka kama mtu anayetafuta mlango.

"Mbona iko uchi? Madigadi iko wapi? Stendi? Keria?"

"Haina."

"Wamekuibia njiani."

"Haina, kaka. Ndivyo ilivyo."

"Yaani umelipa zaidi ili upewe pungufu?"

Wifi yake, mke wa kaka, alicheka ndani ya kanga. Shangazi hakucheka. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, na aliuliza swali moja tu.

"Mtungi wa gesi unakaa wapi?"

"Haukai, Shangazi." Magego alikuwa ameifanyia mazoezi sauti ya huzuni njia nzima. "Fremu inapata ufa."

"Na ile ya zamani?"

"Wameichukua dukani."

"Basi, pole yake," Shangazi alisema, akiitazama baiskeli mpya kama anayemtazama mgeni aliyezaliwa bila mikono.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu kama asali. Mkaa uliletwa na mwenye mkaa. Watoto walikwenda shule kwa miguu, na wakagundua kuwa wanayo. Magego alijifunza kubadili gia bila kukwaruza cheni, akaanguka mara moja mbele ya kituo cha mafuta, akaamka haraka kabla ya kupata mashahidi. Jumamosi angepanda kilima na kundi la mwenzake wa eksirei. Aliamini baiskeli imemsemea, na kesi imekwisha.

Ijumaa jioni aliikuta familia nzima imekaa sebuleni. Katikati ya meza palikuwa na begi jipya la mgongoni, kubwa, jeusi, lenye mikanda ya kifuani na kiunoni. Nyumba ile haikuwahi kuchanga hata kwa balbu iliyoungua, lakini begi lile wamelichangia.

"Tumekaa, tumezungumza," Shangazi alisema kwa upole. "Baiskeli imekataa mizigo. Hatuilaumu, ndivyo ilivyoumbwa. Lakini wewe, mwanangu, tangu nianze kukulea hujawahi kukataa kitu."

"Ona mifuko hiyo!" kaka alidakia. "Viatu vyangu viko kwa fundi pale sokoni. Utavitia pembeni, havitagusana na viazi."

"Viazi, vitunguu, na unga kidogo," Shangazi alisema. "Kesho, kwa kuwa unapita."

Magego aliwatazama. Walikuwa wanang'aa kwa ukarimu. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Asante. Ni zuri sana."

Asubuhi alilivaa. Watu wa kundi walilitazama begi tupu likipepea mgongoni mwake, na mmoja akauliza kama amehama kwao.

"Punda ni mimi," Magego alisema. "Mlidhani ni baiskeli?"

Walicheka, naye akacheka, kisha kilima kikawanyamazisha wote. Alikipanda wa mwisho, moyo ukigonga masikioni, mikanda ya begi ikimkata mabega, na alipofika juu mwenzake wa eksirei alimpigia makofi kana kwamba ameshinda kitu. Waliteremka kwa kasi ambayo ilimtoa machozi, na machozi yale hayakuwa ya huzuni.

Kwenye njia panda alipunguza mwendo. Kulia ni sokoni. Mbele ni daraja, na baada yake barabara ndefu iliyonyooka, na kundi tayari limeanza kuifuata.

"Unakata hapa?" mwenzake aliuliza.

Magego aliangalia usukani. Baiskeli ile, pamoja na bei yake yote, haikusema neno. Ingekwenda kulia, ingekwenda mbele, kwake yote sawa. Hata haikujua kuna kesi.

"Twende," alisema.

Aliporudi mchana, Shangazi alilipokea begi kwa mikono miwili, akalipima uzito.

"Mbona jepesi?"

"Sikupita sokoni, Shangazi."

"Palifungwa?"

"Pako wazi."

"Ulisahau, masikini. Jua kali."

"Nilikumbuka."

"Uliumia? Umeanguka?"

Magego aliona anachofanyiwa. Mama huyu mtu mzima alikuwa anamfungulia milango ya kutokea, mmoja baada ya mwingine, na yote ilikuwa na zulia. Hakuingia hata mmoja.

"Sikutaka tu. Mizigo ya nyumba hii sitaibeba tena peke yangu. Zamu yangu ikifika nitakwenda. Leo hapana."

Jikoni, mwiko wa wifi ulisimama ndani ya sufuria. Kaka alipunguza sauti ya televisheni, jambo ambalo hata matanga hayakuwahi kumfanyisha.

"Ni hiyo baiskeli," Shangazi alisema polepole.

"Baiskeli haimo, Shangazi. Ningekuwa na ile ya zamani ningesema hivihivi."

Wifi alichungulia mlangoni. "Kumbe neno lenyewe ni la bure?" alinong'ona. "Si ungelisema mapema, wifi yangu, hela ile tukajenga bafu!"

Magego alikuwa ameshalifikiria hilo tangu darajani, na lilikuwa linamuuma kuliko mgongo.

Shangazi alimkabidhi wifi begi. Hakulia, hakulaani. Kisha akamgeukia kaka.

"Wewe. Simama."

"Mimi? Viatu vyangu viko kwa fundi!"

"Basi utavikuta hukohuko."

Kaka alitazama huku na huku kutafuta wakili, akamwona mke wake anamnyooshea begi. Akalivaa. Mikanda ilikuwa imefupishwa kwa kifua cha dada yake, ikamkaba. Akatoka na ndala, akafika getini, akarudi.

"Sasa," aliuliza, "viazi huuzwa upande gani?"

Shangazi alifungua kinywa amwelekeze, kisha akakifunga. Alikuwa amekumbuka kwamba hata yeye hajui.